Ukurasa wa Pili wa Risala

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima lilikuwa dogo: je, mama mkubwa aliamini kwamba ni mimi niliyeiondoa karatasi ya pili? Kama aliamini, mbona hakunipigia simu kunisema? Na kama hakuamini, mbona hakunipigia kabisa? Niliugeuza ukimya wake kila upande na kila upande ulinitisha.

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, anaishi Masaki, kijijini kule Kisarawe. Analima muhogo na korosho, na ni katibu wa kikundi cha maji cha kitongoji chao. Mimi naishi Kibaha kwa wazazi, na tangu nimalize chuo nilikuwa najitolea kwenye shirika dogo, lile lile lililowachimbia kisima. Pampu ya sola ilifanya kazi miezi michache, ikafa. Tangu hapo kina mama wakarudi kuteka bondeni, kwenye dimbwi wanalochangia na ng'ombe wa wafugaji.

Mfadhili alipotaka kuja kukiona kisima, Mkurugenzi wetu aliniita ofisini. Kikundi kingemsomea risala huyo mgeni rasmi, na risala ningeiandika mimi.

"Kijana wetu ni hazina," aliwaambia wenzangu nikiwa nimesimama pale pale. "Kalamu yake dhahabu."

Nilikuwa nimetuma maombi ya kazi miaka miwili bila hata kujibiwa. Mtu katika hali hiyo akiitwa hazina, haulizi amechimbuliwa ili apelekwe wapi.

Aliyekulia huku anajua risala inavyokaa: ukurasa wa kwanza sifa, wa pili shida. Hakuna anayesimama mbele ya mgeni rasmi na kumwambia pampu imekufa. Huko ni kukosa adabu. Anasifiwa kwanza mpaka akae vizuri kwenye kiti, kisha karatasi inasema kile ambacho midomo inaona aibu kusema. Risala ikishasomwa, haongezi mtu neno.

Nilikwenda Masaki na rasimu yangu. Mama mkubwa alikuwa uani anamenya muhogo pamoja na jirani yake.

"Haya msomi, soma," alisema.

"Mgeni rasmi, tunakutukuza kwa moyo wako wa..."

Kisu kikasimama. "Nani anatukuzwa? Anayetukuzwa ni Mungu peke yake. Huyo msifu tu, inamtosha."

Nikafuta. "Na tutaendelea kukuenzi daima..."

"Kwani amefariki?" akauliza jirani. Wakacheka mpaka muhogo ukaanguka mchangani.

"Msifu kwa alichokifanya," mama mkubwa alisema akijifuta machozi. "Kachimba kisima, sema kachimba kisima. Usimpambe kama bibi harusi. Akishapambwa sana ataona hawa wameridhika."

Ofisini nilikuwa nimezoea kuyachota maneno hayo kwa mkupuo: tukuza, enzi, adhimisha, yoyote yaliyojaza mstari. Pale uani kila moja lilikuwa na mahali pake na mtu wake. Ukurasa wa kwanza ukabaki na mistari sita. Wa pili aliutamka yeye, nami nikaandika: pampu imekufa tangu mwisho wa masika, tunateka bondeni na ng'ombe, tunaomba fundi, na tunaomba mmoja wetu afundishwe kuitengeneza.

Siku ya mgeni, ndani ya gari, Mkurugenzi alinikabidhi bahasha yenye risala niliyokuwa nimempelekea. "Nimeinyoosha kidogo tu. Lakini Profesa, umeandika kitu kikubwa."

Mimi ni mtu wa kurudi mara tatu kuhakikisha kama nimefunga mlango. Bahasha ile sikuifungua. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu halinipendezi: aliniita Profesa, nami niliogopa kwamba nikiifungua mbele yake ataona namshuku. Tulipofika nikampa mama mkubwa ikiwa imefungwa, nikijiona mtu muhimu.

Alisimama kwenye kipaza sauti na sare ya kitenge ya kikundi. Akasoma mstari wa kwanza, akasita, kisha akasema "tunakushukuru". Baadaye nilikuja kuona kwamba karatasi iliandikwa "tunakutukuza". Akaendelea hivyo, sifa juu ya sifa, akiruka asizoweza kuzitamka. Alipofika mwisho akageuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe. Akatazama ndani ya bahasha. Kisha akanitazama mimi.

Mimi nikamtabasamia, nikidhani amepoteza mstari na anahitaji kutiwa moyo.

"Makofi kwa katibu wetu!" mshereheshaji akadaka kipaza sauti. "Yawe mazito, ya kilo tano! Hayo ya kilo moja bakini nayo!"

Mgeni rasmi alisimama akasema amefarijika kusikia mradi hauna changamoto yoyote. Akafungua bomba, maji yakatoka, akapigwa picha. Baadaye niliambiwa kwamba tangi la kisima lilikuwa limejazwa kwa boza la maji asubuhi ile kabla hatujafika. Kina mama waliliona boza, wakanyamaza, kwa sababu walijua karatasi ya pili ingesema.

Jumatatu nilimfuata Mkurugenzi.

"Ukurasa wa pili ulikwenda wapi?"

"Profesa, mgeni hapewi shida mkononi. Anapewa sifa. Shida zina mahali pake, kwenye ripoti."

"Kwa hiyo niziandike kwenye ripoti?"

Akacheka kwa upole. "Andika wananchi wanautukuza mradi. Na ripoti utaituma wewe mwenyewe, mgeni kaipenda kalamu yako."

Hapo ndipo nilipoelewa hazina ile ilikuwa ya kazi gani. Kwa siku nne niliandika sentensi moja na kuifuta. Nikikataa, ningerudi kukaa nyumbani. Nikikubali, pampu ile ingekuwa nzima kwenye karatasi na hakuna fundi ambaye angetumwa tena.

Jumamosi nilipanda gari hadi Kisarawe, nikachukua bodaboda mpaka Masaki.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba." Hakunikaribisha kiti.

"Karatasi sikuitoa mimi. Lakini bahasha niliibeba mimi, na sikuifungua."

"Najua hukuitoa. Mimi nimekulea, we mtoto." Alikuwa anafunga kanga kiunoni, ndoo iko miguuni. "Lakini nilikutafuta usoni, nikakuta meno. Nimeaibika mbele ya watu, wewe unanichekea."

Nilimwambia nilivyodhani, nikamwomba radhi, na sauti yangu ikakatika katikati. Alingoja mpaka nikamaliza.

"Sasa umekuja kulia au umekuja kuandika?"

Nikatoa simu. Niliandika ripoti nimekaa kwenye gogo lake, mistari sita ya shukrani, ileile ya mwanzo, kisha ukurasa wa pili wote kama alivyoutamka. Nikaeleza habari ya boza. Nilipomsomea, aliongeza jambo moja tu: wakija, waje bila kutoa taarifa. Nikaweka anwani ya mgeni rasmi, na ya Mkurugenzi chini yake, ili asije kusikia kwa watu. Nikaituma. Kisha nikachukua ndoo ya pili, tukashuka bondeni.