Dereva Bora wa Muda Wote, kwa Mujibu wa Bosi wa Kibaha

Digrii ninayo, kazi sina, ndiyo maana wiki hii nilikuwa Kibaha kwenye usaili wa udereva wa ofisi. Eti kuokoa muda, tuliitwa wawili wawili. Niliingia na mama mmoja mwenye kitenge.

Bosi, shabiki wa mbio za magari ya langalanga, akatuuliza: "Dereva bora wa muda wote ni wa aina gani?"

Nikajimwaga, na English juu, ajue shule imepita hapa. "Sir, it's not about trophies. Ni yule anayepewa gari bovu na bado anawapita wenye magari mazima."

Bosi akachungulia dirishani, ilipoegeshwa pikapu ya ofisi, bampa limefungwa kamba. "Kijana, unalisema gari letu?"

"Hapana, mzee..."

"Haya, mama?"

"Shikamoo, bosi. Bora ni yule aliyestaafu na miguu yake yote miwili."

Bosi akapiga meza. "Umesikia akili hiyo? Mama, kazi yako!"

Fine, usalama kwanza. Nikatoka nje kusubiri bodaboda. Mara pikapu ikatoka getini taratibu, mama kwenye usukani, bosi pembeni akipigapiga dashibodi.

"Kikao cha Kisarawe kimeshaanza! Kanyaga, mama! Mpite huyo mwenye lori!"

Mama akanitupia jicho, kana kwamba ananiuliza jibu sahihi lilikuwa lipi.

Wasomaji, anayelijua jibu hilo amwahi mama kwanza. Mimi angalau nimesimama kando ya barabara.