Boksi Lenye Jina la Mama

Mimi nina hasira za karibu. Sikuzitafuta, nilizirithi kwa mama pamoja na miguu mirefu na ulimi usiojua kukaa. Kwa hiyo msomaji anivumilie nikipandisha sauti humu ndani, maana jambo lenyewe halijanitoka kooni mpaka leo.

Tulikaa Gashonga, kwenye kilima cha migomba, sisi watu tuliotoka Kongo. Nilizaliwa Bukavu na nikaanza shule Bukavu. Tuliporudi Rwanda baada ya mauaji nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, sijui Kinyarwanda cha kuombea hata chumvi. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alijua biashara, basi. Alikusanya ndizi na maharage ya Gashonga, akavuka daraja la Ruzizi, akauza Bukavu, akarudi na sabuni. Alibishana bei kwa lugha tatu, na ukimdanganya kwa ya kwanza alikutukana kwa ya pili. Ng'ambo alikuwa na rafiki wa tangu ujana, mjane kama yeye, muuza vitenge. Hakuwa ndugu wa damu, lakini sisi watoto tulimwita Tantine, na nyumbani kwetu hakupiga hodi zaidi ya mara moja.

Wanawake wa daraja walikuwa na desturi yao, nayo ndiyo iliyotuponza. Kwao karatasi ya kuvuka haikuwa ya mtu, ilikuwa ya safari. Aliyeugua au aliyejifungua alibaki nyumbani, karatasi yake ikaenda sokoni na mwenzake. Jina lililoandikwa pale lilikuwa la yeyote aliyebeba mzigo siku ile. Askari walijua, wakafumba macho, siku nyingine wakapewa ndizi. "Karatasi ni mwavuli," mama alituambia, "anapewa ule mwenye kunyeshewa." Sikuwahi kusikia mwanamke hata mmoja akikataa.

Vita vya pili vya Kongo vilipopamba moto, Tantine alianza kukohoa. Alikonda mpaka kitenge kikawa kinamzunguka mara mbili. Hospitali za kwao zilikuwa zimeporwa, hakuna kitu. Walimwandikia dawa kwenye kikaratasi na kumwambia akajitafutie sokoni. Dawa za kifua kikuu, za miezi minane! Alipata za wiki mbili, zikaisha. Siku aliyofika kwetu alikohoa mlangoni, akajifuta na ncha ya kitenge, nikaona damu. Nilikuwa nimeshika sahani ya mihogo. Niliiangusha.

Upande wetu kulikuwa na bahati ambayo sisi wenyewe hatukuielewa. Kituo cha afya kilikuwa kimeletewa mradi wa kifua kikuu, pesa za watu wa mbali, na dawa zilitolewa bure. Bure! Pale kwetu hata maji ya kunawa uliombwa uyarudishe. Kila mgonjwa alikuwa na boksi lake rafuni, limeandikwa jina lake, na ndani mna dawa zake zote kutoka siku ya kwanza mpaka ya mwisho, ili zisije zikamwishia njiani. Miezi miwili ya kwanza alikuja kila asubuhi kumeza mbele ya muuguzi. Huyo muuguzi tulimwita Dokta. Ilikuwa heshima tu, kwa sababu daktari hasa hakuwepo.

Mama alimpeleka Tantine. Nami nilienda.

"Maman, naona huruma," Dokta alisema, "lakini hii dawa ni ya bantu ba hapa. Kila boksi iko na muntu yake. Nikitoa moja kwa muntu wa Bukavu, benye mradi batauliza."

"Na weye unafikiri kikohozi kinaombaka ruhusa pa daraja?" mama alimjibu. "Kinavukaka bila karatasi, kinalala kwetu, kinakula kwetu!"

"Si mi niliandika hiyo sheria, Maman."

Waliotoa pesa walikuwa watu wema, sina ugomvi nao. Bila wao kilima chetu kingekuwa makaburi. Lakini mpaka leo nataka mmoja wao aniambie nani alichora mstari ule na kuamua kwamba mapafu ya ng'ambo si mapafu.

Tulirudi nyumbani. Tantine aliketi uani akasema, "Ndugu yangu, mi njo nakufa." Mama akaingia ndani, akatoka na kadi yake ya ukaazi, akamtupia mapajani.

"Acha upumbavu. Kamata. Kesho weye njo mimi."

Yaani kesho Tantine ndiye awe yeye. Hakufikiri mara mbili. Kwake kadi ilikuwa karatasi ya kuvuka, na Tantine alikuwa na mto wa kuvuka.

Kesho yake Dokta aliitazama kadi, akamtazama Tantine ambaye jana tu alimkataa, akaitazama tena kadi. Kisha akashika kalamu, akaandika jina la mama kwenye daftari, akaliandika na kwenye boksi. Ningekuwa mkubwa ningemshukuru kwa magoti.

Tantine alikaa kwetu miezi miwili. Wanawake wa foleni walijua wote, hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa kwa utani. "Maman, umebadilika sura!" walimwambia jina likiitwa. "Na kule nyumbani weye ule mwingine ni nani?" Mama alicheka mpaka akajishika kiuno: yeye mzima kama ng'ombe, ana boksi la dawa rafuni! Tantine alinenepa. Baada ya miezi minane daftari likaandikwa kwamba mama amepona, na tukachinja kuku.

Habari ilivuka daraja haraka kuliko sisi. Wanawake wengine wa Bukavu wakaja, na wanawake wa Gashonga wakatoa kadi zao. Dokta akaandika.

Mwaka uliofuata nilipelekwa shule ya bweni. Niliporudi likizo nilimkuta mama amekonda. Nilijua kabla hajasema. Igituntu, aliniambia kwa Kinyarwanda, kana kwamba kwa lugha hiyo ugonjwa ungekuwa mdogo. Kifua kilekile. Mwezi wa pili wa dawa ulikuwa unakwisha, alisema, kikohozi kilikuwa kimepungua, nisimtolee macho.

Jambo moja tu lilinishangaza: kila asubuhi alirudi kutoka kituoni akichechemea, amechomwa sindano.

"Mbona Tantine alimeza vidonge tu?"

"Hii ni dawa mupya," alisema. "Ya sasa."

Nikaamini. Niliamini kwa nini? Kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijiona nimesoma.

Wiki ile alinichosha. Namwita, haitiki. Namwuliza maharage yako wapi, ananijibu habari za mbuzi. Sokoni aliuza mkungu kwa bei aliyotajiwa na mteja bila kubisha, yeye ambaye angebishana na malaika. Jioni moja nilimwita mara nne kutoka jikoni, amekaa pale mlangoni, hata kichwa hakugeuza. Hasira zikanipanda. Nilimfokea kwa nyuma: "Sikio la kufa halisikii dawa!"

Nilimwambia mama yangu hivyo. Nayaandika maneno haya ili nisipate mahali pa kujificha.

Siku mbili baadaye, mchana, mvua ilinyesha ya mawe. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, bila dari. Kelele yake ilikuwa kubwa mno, niliziba masikio kwa viganja, na kuku wakakimbilia chini ya kitanda. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Akainua uso, akanitazama kwa utulivu, na nikaona midomo yake inasema kitu. Nikasogea mpaka karibu na shavu lake.

"Leo kumenyamaza sana," alisema. "Bantu beko wapi?"

Mungu wangu! Nilitazama paa, nikamtazama yeye. Mawe yanapiga bati juu yetu, na mama ananiuliza mbona kimya. Nilipiga makofi nyuma ya kichwa chake. Hakuna. Nikachukua sufuria na mwiko nikagonga mgongoni kwake kama kichaa. Aliendelea kuchambua maharage. Nilikaa chini mbele yake, nikamshika uso kwa mikono miwili, na alipoona ninavyolia alielewa kwamba nimejua. Akatazama pembeni, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Sikungoja mvua iishe. Nilifika kituoni nimelowa, nikamkuta Dokta peke yake.

"Mama hasikii!"

Alisimama. "Hasikii namna gani?"

"Hasikii! Mvua ya mawe hasikii! Mumemchoma nini?"

Alikaa tena polepole. Akanieleza. Mtu anayeugua kifua kwa mara ya kwanza anapewa vidonge peke yake. Aliyetibiwa kisha ukamrudia anaongezewa sindano miezi miwili, na sindano ile ni kali, baadhi ya watu inawaua masikio. Daftari lilisema mama ametibiwa na kupona. Kwa hiyo huu ulikuwa ugonjwa wa mara ya pili.

"Lakini hakuwahi kuugua! Ulikuwa ni Tantine! Weye unajua, uliandika kwa mkono wako!"

"Najua."

Alisema vile, najua, kisha akaendelea.

"Nilimwambia mama yako: Maman, sema mbele yangu kwamba haikuwa wewe, nifute ule mstari, uanze kama mgonjwa mpya. Akaniuliza: ukifuta, benye mradi batauliza? Nikamwambia watauliza, boksi moja litakuwa limeliwa na mtu asiyejulikana. Watapitia daftari lote. Basi mama yako akatazama nje, pale kwenye benchi." Alinionyesha kwa kidevu. "Walikuwa wamekaa wanawake wanne wa Bukavu, wako katikati ya dawa. Aliwajua wote. Ukikatishwa dawa hii katikati, ugonjwa unarudi na hausikii tena vidonge. Akaniambia: andika mara ya pili."

"Na weye ukaandika."

"Nikaandika. Na kila asubuhi kabla ya sindano nilimwuliza, masikio yanalia? Nilimwambia yakilia tu, tunaacha. Kila asubuhi alisema hapana."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili na Kinyarwanda, na maneno ya Kifaransa niliyoyapata bweni. Nilisukuma daftari lile likaanguka sakafuni. Aliliokota, akalifuta maji ya nguo zangu kwa mkono wa koti lake. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Hakuwa.

Nyumbani nilichukua daftari langu la shule nikaandika kwa herufi kubwa: ULIJUA? YALIKUWA YANALIA? Mama akasoma taratibu, kidole juu ya neno. Akajibu kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia, jirani wote wakasikia.

"Yalilia tangu wiki ya tatu! Nikisimamisha sindano, Dokta atanituma hospitali kubwa, kule bataniuliza mambo. Ungefanya nini weye? Ungebanyang'anya bale banamuke dawa mu kinywa?"

Nikaandika: NINGESEMA UKWELI.

Alisoma, akacheka kidogo. "Haukubaona mu macho," alisema.

Nilimkasirikia mwaka mzima. Nasema ukweli: nilimkasirikia yeye kuliko sheria na kuliko Dokta. Wale wanawake wanne walimaliza dawa, wakapona, wakarudi kwao. Mama naye alipona kifua. Akaacha soko, kwa sababu mtu asiyesikia bei anaibiwa mchana kweupe, na biashara ya ndizi nikaichukua mimi. Shule ikaishia hapo. Na mama alinikataza katakata nisimwambie Tantine. Alimwambia mwenyewe kwamba ni homa iliyomziba masikio.

Kisha siku moja Tantine akaja, mnene, na kitenge kipya cha zawadi kwa mama. Walikaa uani wameshikana mikono, wakisemezana kwa vidole na kucheka. Halafu akaniita kando, ingawa hapakuwa na haja ya kando, mama hasikii popote.

"Mutoto wangu wa mwisho," alisema, "ule binti. Anakohoa. Jana nimeona damu."

Nilijua kinachofuata. Binti yule tulikuwa umri mmoja.

"Mama yako kadi yake imetumika. Lakini weye sasa uko na yako."

Nilikuwa na kadi wiki tatu. Picha yangu ilikuwa bado inang'aa. Nilitaka kumfukuza. Nikamwambia yote, palepale, bila kumpunguzia: sindano, daftari, benchi, mvua ya mawe. Nilitaka kumwumiza na nilifaulu. Aliweka mkono mdomoni, akamtazama mama aliyekuwa anakunja kitenge chake kipya, akatoa mlio ambao sitaki kuueleza.

"Basi," alisema. "Basi, mutoto. Acha. Sikujua." Akaanza kukusanya vitu vyake.

Mama aliinua macho. "Anasema nini?" akaniuliza kwa ile sauti yake kubwa.

Hakuna ambaye angejua. Ningemwonyesha mama kwa ishara kwamba Tantine anaaga, naye angempungia mkono. Nilisimama pale nikiwa na hasira na dunia yote, na benye mradi, na daraja, na yule binti mwenyewe.

Nikaingia ndani nikatoa kadi. Nilimtupia Tantine, kama mama alivyotupa yake, na nikasema maneno yaleyale, yamfikie binti yake, kwa sababu sikuwa na mengine.

Binti yule alipona. Ana watoto sasa. Mimi sijawahi kuugua kifua maishani mwangu, lakini kwenye daftari lile nimeandikwa: ametibiwa, amepona. Siku nikikohoa siendi kituoni kwanza. Nakaa kimya uani, na nasikiliza ndege, jogoo, watu wanaopita njiani, nikihesabu ninachosikia.