Tulivyopitilizwa kituo Japani kwa sababu ya finjani ya kahawa

Wakuu, salaam kwenu. Mimi huwa nasoma tu na kupita, ila hili nimeona nilitoe. Sitii chumvi, lilivyotokea ndivyo nilivyoandika.

Mimi ni mwanamke wa Muheza, nafanya kazi za ndani Ibra, Oman. Kazi yangu hasa ni kumwangalia Bibi, mama yake bosi. Bibi alizaliwa Unguja, na Kiswahili changu anakisahihisha kila siku.

Bosi alipata safari ya kikazi Nagoya, Japani, akabeba familia: mkewe, Bibi, na mimi wa kumshika Bibi mkono.

Sasa elewa hapa. Nilikuwa na miaka miwili bila likizo. Nilipoomba, bosi alisema tutazungumza tukirudi. Kwa hiyo safari nzima nilitembea kama nimebeba mayai.

Siku ya mapumziko tukapanda treni kwenda Gero, mji wa chemchemi za maji moto huko milimani, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ibra sisi ni gari tu, treni tulikuwa hatuijui.

Jamani, ile njia ni nzuri. Reli inafuata mto wa maji ya kijani, mara daraja, mara handaki, ukitoka upande wa pili ni misitu mpaka juu.

Bibi alitazama muda mrefu, akasema, "Maji yote haya, na hapana anayeyachota."

Bibi hasafiri bila themosi ya kahawa na tende. Bosi na mkewe walikaa mbele, sisi nyuma yao kidogo, na pembeni yetu alikuwepo mama mzee wa Kijapani, peke yake. Bibi akamkaribisha.

Kwa wasiojua: Oman ukitosheka unatikisa finjani, ndipo mwenyeji anaacha. Usipotikisa, unamiminiwa tena. Yule mama angejulia wapi? Na adabu yake, nadhani, haimruhusu kukataa. Bibi anamimina, yeye anainamisha kichwa, anakunywa. Ilifika ya saba. Nilitaka kusema, ila Bibi hapendi kufundishwa mambo ya wageni.

Tukafika Gero. Bosi na mkewe wakashuka. Mimi nimefika mlangoni na begi, nageuka, Bibi bado kakaa.

"Bibi, tushuke."

"Mgeni hajatikisa finjani, mwanangu. Nimwinukie vipi?"

Treni za kule hazisubiri mtu. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye mkoba wa bosi, simu yangu haina laini ya kule. Bosi yuko nje ananiita kwa Kiarabu.

Nikarudi ndani. Mlango ukafungwa.

Niliogopa, sifichi. Nikalia. Niliona likizo imeota mbawa.

Bibi akauliza nalilia nini, kwani vituo vimekwisha? Ndipo nikamwambia nina binti, Rehema, nilimwacha na miaka mitatu.

Akaweka themosi chini. "Miaka miwili wanikanda miguu, hukunambia una mtoto?"

"Hukuniuliza, Bibi."

"Kweli," akasema. "Sikukuuliza."

Kituo kilichofuata yule mama akashuka nasi, akaongea na mtu wa stesheni, akakaa nasi karibu saa nzima mpaka treni ya kurudi. Hatukuelewana hata neno. Mungu ambariki.

Bosi tulimkuta Gero midomo imemkauka. Akaanza na mimi. Bibi akamkata.

"Ukali wako nipe mimi, ndimi niliyekaa. Huyu alikuwa mlangoni, karudi kwa ajili yangu. Ana mtoto. Ulikuwa wajua?"

Bosi akasema alijua.

Hapo sasa ndipo Bibi alipokasirika. "Wallahi, tukifika Ibra anakwenda kwao."

Naandika haya nikiwa Muheza. Siku niliyofika Rehema alinisalimia vizuri, "Shikamoo shangazi," akarudi kucheza. Siku ya nne aliniita mama, ila alimtazama kwanza bibi yake aliyemlea, kama anaruhusiwa.

Funzo langu: dada zangu mlio kazini huko, semeni mapema kwamba mna watoto, na mseme kwa mtu zaidi ya mmoja. Mimi nilinyamaza nikidhani ndiyo heshima.

Karibuni mchangie. Hasa mliorudi mkakuta mtoto amewasahau, ilichukua muda gani? Nimebakiwa na siku kumi na sita za likizo.