Wiki ya Shangazi Sauda Ufukweni

Shangazi yangu Sauda ana watoto watatu, kila mmoja na mji wake, na hajawaona pamoja tangu mumewe alipozikwa kwenye shamba lake la mikorosho hapa Miteja. Ndiyo maana alisaini mkataba. Kampuni moja ya nyumba za mapumziko iliita watu Kilwa Masoko, ikawalisha pilau, na kijana wao Jonas akamwambia, "Mama, wiki moja kila mwaka nyumba ya ufukweni ni yako na wanao. Ni kama shamba tu, utawarithisha."

Nani angekataa shamba la baharini?

Aliporudi nyumbani ndipo kampuni ikamwambia wiki yenyewe inaangukia katikati ya masika, wanawe wako kazini, barabara tope tupu. "He! Kumbe nimenunua mvua!" akacheka. Akaamua kuvunja mkataba.

Huku kwetu jambo halivunjwi hivi hivi. Hata uchumba ukivunjika, anatumwa mtu mzima akaseme kwa upole. Basi akamtuma mjomba wake, mzee Huseni, kanzu imepigwa pasi, jogoo kwapani. Jonas alimpa soda. "Shikamoo, babu. Tumekusikia, msijali." Mzee akarudi kifua mbele. "Yamekwisha, mwanangu."

Hayakwisha. Ilipokuja barua ya kudai malipo, niliusoma mkataba wote, maana mimi kitu chenye maandishi siwezi kukipita. Huko mwisho, kwa herufi ndogo kama sisimizi: kuvunja ni kwa maandishi, ndani ya wiki mbili. Zikipita, bei yote italipwa, na ada ya matunzo kila mwaka, uende usiende.

"Lakini mjomba alikwenda mapema," shangazi alisema. "Hata jogoo walipokea."

"Alisema, shangazi. Hakuandika."

"Mtu mzima kama yule akishasema, unataka aandike nini tena?"

 

Shamba likauzwa kulipa deni. Jumamosi iliyopita nilimkuta shangazi huko, ameinama na ufagio, anafagia chini ya mikorosho kama afanyavyo kila mwaka kabla korosho hazijaanza kudondoka.

"Shangazi, si letu tena hili."

"Najua," akasema, asiinue uso. "Marehemu ndiye hajui."

Akaendelea kufagia, mpaka kaburini.