Pazia la Karakana Haliendi Harusini

Mume wangu hajui kukataa. Mtaa mzima wa Mpendae unamsifu kwa hilo. Akiombwa ngazi anatoa. Akiombwa toroli anatoa, na likirudi halina gurudumu husema alhamdulillahi, si limerudi. Watu wananiambia nimepata mume. Kweli nimepata, lakini macho yaliyolipia sifa zake ni yangu, na hilo hakuna anayelisema.

Tuna karakana ya mageti na madirisha ya chuma, mbele ya nyumba yetu. Yeye anachomelea. Mimi napokea wateja, nachukua vipimo, na wateja wakiadimika nashona kofia za mkono. Anayezijua kofia hizi anaijua kazi yake: kitambaa cheupe, tundu ndogo ndogo ambazo kila moja huzungushiwa uzi mpaka ikae kama ua. Nilifundishwa na mama yangu, na kila Idi ikikaribia watu walikuwa wananitafuta mimi, si fundi wa mageti.

Moto wa kuchomelea si moto wa jikoni. Ule mwanga mweupe hauumi pale pale. Unakwenda zako, unakula, unasali, halafu baada ya magharibi macho yanajaa mchanga. Mume wangu ana ngao ya uso yenye kioo cheusi. Mimi nina ushungi. Nilipoungua mara ya kwanza nilimwambia nataka pazia, na sikusema kwa upole. Akatengeneza fremu tatu za chuma, akaziunga kwa bawaba ili zikunjike, na mimi nikazivisha turubai zito la kufunikia malori. Nililishona kwa sindano ya magunia mpaka vidole vikatoka damu. Likasimama baina yake na sisi wengine: mimi, wateja, na watoto wa chuo cha Kurani wanaopita na juzuu zao. Kwa muda tukafanya kazi kama watu.

Kosa la pazia lile lilikuwa uzuri wake. Linasimama lenyewe, linakunjika, halipitishi mwanga wala jicho la mtu. Aliyeliona kwanza kuwa ni kitu cha kuazima ni shangazi yake mume wangu. Shangazi huyu ndiye anayeendesha shughuli zote za mtaa, furaha na msiba, na sidhani yupo mwanamke aliyekufa jirani yetu bila kuoshwa kwa mikono yake. Simdharau kwa hilo. Siku alipofariki mama mmoja nyumba ya pili, alikuja karakana asubuhi, ndoo mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nnataka lile pazia lenu. Uwani kwao kunaonekana kote, na maiti mwanamke."

Nilimwambia leo tuna kazi ya kuchomelea. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Maiti hasubiri geti, mwanangu. Leo kwao, kesho kwetu."

Mume wangu keshalikunja. "Ntamkataliaje maiti?" akaniuliza, huku anampelekea.

Sikubisha. Maiti ni maiti. Siku ile pazia lilirudi mchana, nikalianika, yakaisha. Kumbe hayakuisha. Lililotoka mara moja limeshatoka. Likaja kuombwa kwa hitima, eti wanawake wanaopika wasionekane na wanaume. Likaombwa kwa maulidi. Likaombwa kwa mtu aliyekuwa anapaka rangi nyumba yake na hataki vumbi la barabarani, na huyo hakuwa na maiti wala bwana harusi. Kila likitoka, mume wangu alikuwa anachomelea vivyo hivyo, ananiambia nisitazame.

Nisitazame! Mwanga ule hauji kwa njia moja. Unapiga ukuta, unapiga bati la jirani, unakurudia. Nikisema hivyo naambiwa nina maneno mengi.

Siku iliyoniharibia ilikuwa ya mageti ya hoteli moja ya Jambiani. Mwenyewe alikuwa akipiga simu asubuhi na jioni. Pazia lilikuwa limetoka kwa hitima, na shangazi akatuma salamu kuwa limepitilizwa kwa mwenye haja, litarudi. Nikamwambia mume wangu asubiri.

"Kazi ya watu hii," akasema. "Kaa uipe mgongo."

Nikakaa nikaipa mgongo. Nilikuwa na kofia mapajani, karibu naimaliza, na kazi ile huifanyi ila kwa kuinamia. Kumbe kitambaa cheupe kilikuwa kinaupokea mwanga wote unaotoka ukutani na kunirushia machoni. Kutwa nzima nikakitazama kwa karibu, tena kwa bidii. Nilijikinga na moto kwa kuutumbulia macho kwenye kofia ya mtu.

Kilichofuata sitaki kukisimulia kirefu. Machozi yasiyokoma, kope zimevimba, siwezi kustahamili hata mwanga wa simu. Shangazi alikuja na vipande vya kiazi vya kuniwekea, akakaa kitandani kwangu, akasema kwa mapenzi yake yote kuwa macho ya mke wa fundi huzoea. Mikono yake ilikuwa laini, na nilitaka kuiuma. Daktari hakusema huzoea. Alisema jicho likiungua hupona, lakini likiunguzwa kila mara kuna siku halirudi lote. Nilipovua miwani myeusi aliyonipa na kuishika tena ile kofia, tundu mbili zilikuwa zinaonekana moja. Nikajaribu barazani, nikajaribu juani. Nikampelekea mwanamke mwengine aimalizie, na tangu hapo sijapokea kofia ya mtu.

Pazia bado lilikuwa halijarudi. Niliuliza nyumba hadi nyumba, kila mmoja ananielekeza kwa mwengine, mpaka nikaambiwa liko Bububu, kwenye harusi. Nikakodi kigari cha mzigo nikaenda.

Nilimkuta bibi harusi amekaa kwenye kiti cha dhahabu, anapigwa picha. Nyuma yake kulikuwa na pazia jeupe la lesi, maua ya plastiki na mapulizo. Nikainua lesi, nikapapasa. Turubai langu lile, mishono yangu ile ile, na vitundu vya cheche vimezibwa kwa mawaridi. Jamani, sikuwahi kukasirika vile maishani mwangu. Mimi nimefungiwa chumbani na viazi machoni, kumbe pazia langu linapigwa picha.

Nikaanza kuchomoa maua, moja moja, nayaweka chini.

"We una wazimu?" Shangazi alikuja mbio, amevaa vizuri, ananuka udi. "Subiri picha zishe!"

"Sisubiri."

"Unatutia aibu mbele ya watu!"

"Shangazi, mimi hawa watu siwaoni vizuri. Naona vivuli tu. Sasa aibu nione wapi?"

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema nina roho ya korosho. Mwengine akasema mimi ni hasidi, eti kwa sababu harusi yangu haikuwa na picha. Yule bibi harusi masikini, kwake yeye peke yake ndiko niliko na deni la radhi. Nikalikunja pazia pande zake tatu, nikalibeba kichwani mbele ya wote, nikapanda garini. Lesi yao niliwaachia.

Nyumbani nilimkuta mume wangu keshapata habari. Kwa Bububu na Mpendae simu hazilali. Alikuwa anataka kuniambia kitu kuhusu heshima. Nikaweka pazia mahali pake, nikakaa kwenye kigoda chake cha kazi, na nikamwambia sinyanyuki mpaka alichomelee kwenye sakafu.

"Lisitoke tena kabisa?"

"Kabisa."

Akafikiri. "Na akifa mtu?"

"Aliyekufa hana macho ya kuungua. Mimi ninayo, au nilikuwa nayo."

Alikuwa ananitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu niungue, maana siku nilipovua miwani ya daktari yeye ndiye aliyeangalia pembeni. Akachimba sakafu, akazika vyuma, akachomelea miguu ya fremu juu yake. Upande mmoja akauacha na bawaba, ukawa mlango wa kuingilia. Alipomaliza alilitikisa pazia kwa mikono miwili na halikutikisika. Toka siku hiyo mtu akija kuazima, mume wangu hana haja ya kukataa. Anamwonyesha sakafu tu.

Mtaani tuliitwa wachoyo. Nimeitwa mbele yangu na nyuma yangu. Kuna watu waliacha kutengeneza madirisha kwetu, na kuna harusi ambazo kadi haikufika. Nilikasirika, na sijaacha kukasirika, kwa sababu hakuna hata mmoja katika hao aliyewahi kuniuliza macho yanaendeleaje. Walikuwa wanauliza pazia.

Kisha mama yangu akafa. Alikuwa amehamia kwetu, ameugua kidogo, akaondoka alfajiri. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa shangazi, na ndoo yake, na pamba yake, aje kumwosha mwanamke mwenzake, kana kwamba hatukuwahi kugombana. Hilo nampa. Aliandaa kila kitu uwani. Kisha akawaita wanawake wanne, tukashika khanga nne, kila mmoja pembe zake, tukaziinua juu kuzunguka kitanda. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanne.

Uoshaji hauna haraka. Mabega yaliniuma, machozi yananitoka na siwezi kuyafuta kwa sababu mikono iko juu. Maji yalikuwa yanamwagika upande wa pili wa khanga, na sauti ya shangazi ilikuwa inasoma chini chini.

"Leo ungelitaka lile pazia lako, mwanangu," akasema, bila ubaya.

Mbele, mlango wa karakana ulikuwa umefungwa, hakuna anayechomelea siku ile.

"Liko kazini, shangazi," nikasema, na nikainua khanga ya mama juu zaidi.