Beringi Ingoje Mazishi

Kwetu, upande wa Moding, kisiagi hakingurumi siku ya mazishi ya jirani. Unga wa waombolezaji husagwa siku iliyotangulia, na siku yenyewe injini hunyamaza hadi wageni waondoke. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, ila ukiivunja utabaki ukisaga mahindi yako mwenyewe.

Baba, mwenye kisiagi, aliigeuza desturi hiyo kuwa ratiba ya matengenezo. Mimi bintiye ndiye niliyefanya kazi naye, kwa hiyo mahubiri yake nayajua kwa moyo. Mkanda hukatika bila kubisha hodi, basi wa akiba uwe unaning'inia msumarini. Nyundo za ndani huliwa polepole, basi zigeuzwe kabla unga haujatoka chenga. Beringi nayo hulalamika mapema: huvuma, kisha hupata joto, na ukiiwekea kiganja kila asubuhi haitakushtukiza. Kila ugonjwa na dawa yake, lakini dawa zote zinazoweza kungoja zilingojea siku moja, ili tuifungue mashine mara moja tu. Siku hiyo ilikuwa ya mazishi ya mtu.

"Mzee, kwa hivyo unaomba tukufe ndio upake grisi?" wateja walimtania.

"Wewe ngoja kwanza. Grisi bado iko."

Kisha ukaja msimu ambao hakuna aliyekufa. Mahindi yalikubali, wagonjwa wa malaria walipona, hata bibi kizee wa ng'ambo ya barabara, aliyekwisha kugawa vyombo vyake, aliamka akadai sufuria zake. Tulifurahi. Beringi ikaanza kuvuma.

Baba naye akaanza kukatika pumzi akiinua debe, na jioni miguu ilimvimba. Muuguzi wa zahanati alimwambia aende hospitali ya Busia akapimwe moyo, asichelewe. Baba alimshukuru, akarudi kazini.

"Tutafunga siku moja," aliniambia. "Asubuhi tubadilishe beringi, mchana unipeleke Busia. Kufunga mara mbili ni hasara."

"Basi tufunge kesho, Baba."

"Kesho ni siku ya soko. Ngoja kuwe na mazishi."

Nilimwambia beringi inaweza kungoja, yeye hawezi. Alicheka, akaiwekea kiganja, akasema joto bado si baya.

Na kweli, beringi ilivumilia. Yeye alianguka kando ya mizani asubuhi moja, debe la mteja likiwa nusu.

Unga wa matanga yake niliusaga mwenyewe, beringi ikilia muda wote, na nilimkasirikia kuliko nilivyomlilia. Siku ya mazishi kisiagi kikanyamaza. Tulipotoka kaburini nilichukua spana nikaingia ndani, bado nimevaa nguo ya msiba. Shangazi, dada yake Baba, alinifuata hadi mlangoni.

"We mtoto! Leo kweli?"

"Shangazi, ndiyo siku aliyopanga."

Akaja kunishikia tochi. Beringi mpya iliingia vizuri. Kati ya kazi mbili zilizopangiwa siku hiyo, niliweza moja.