Mkono wa Mama Tikisa

Kila nikisema shangazi yangu alionewa, wenzangu wa ofisini huniambia niache yapite. Hayapiti. Alionewa mchana kweupe, na waliomwonea bado wanapokea mshahara.

Ni dada wa baba yangu, nesi wa chanjo katika zahanati ninakofanya kazi ya mapokezi. Nyumbani namwita shangazi, kazini namwita sista, na watoto wa mtaa mzima wanamwita Mama Tikisa. Kabla ya kumchoma mtu sindano, aliinua kichupa hadi sikioni, akakitikisa mpaka mashavu yakacheza. Watoto walijua kinachofuata, na wengine walianza kulia mapema ili wasichelewe.

Hakutikisa kwa mbwembwe. Chanjo alizozizoea zina unga unaotuama chini. Usipotikisa, mmoja anapata maji, mwingine anapata unga mtupu. Ndivyo alivyofundishwa akiwa msichana, na ndivyo alivyowafundisha wengine. Mkono ulishazoea. Hata nyumbani alitikisa maziwa, asali, mafuta ya nywele, chochote chenye kifuniko.

Ndipo ikaja chanjo mpya ya ile homa ya virusi iliyokuwa inatumalizia watu. Ni ya teknolojia ya nano: ujumbe unaoufundisha mwili kumtambua kirusi umefungwa ndani ya vitone vya mafuta, vidogo mno hata hadubini ya maabara yetu haivioni. Ukivitikisa, vinaharibika, na ujumbe unapotea kabla mwili haujausoma. Kichupa kinapinduliwa taratibu, basi. Haya nayajua leo. Wakati ule hakuna aliyetuambia. Semina ilifanyika hotelini, na waliokwenda ni mganga mkuu wa zahanati, mhasibu na dereva. Mhasibu! Anamchoma nani sindano? Walirudi na mikoba mipya na fulana zenye picha ya kirusi. Shangazi alipomuuliza mganga mkuu wamejifunza nini, alijibiwa, "Sista, chanjo ni chanjo. Weka kwenye baridi, choma."

Akachoma. Alianza na bega lake mwenyewe, mbele ya watu waliojaa uani, maana walikuwa wanaogopa.

"Mkiona nimeanguka, kimbieni," akawatania.

Wakacheka, wakapanga foleni. Na kila kichupa alikitikisa.

Wiki haikuisha, akaja mkaguzi kutoka makao makuu, kijana ambaye shangazi angeweza kumzaa. Alimkuta shangazi na kichupa sikioni, akapiga kelele pale pale mlangoni, akina mama wamepakata watoto wao, "Wewe mama, unafanya nini? Umeua dawa yote hiyo!"

Shangazi aliweka kichupa mezani. Akauliza jambo moja tu: "Niliowachoma, wana kinga?"

"Kinga gani? Hao wahesabu hawajachanjwa."

Mganga mkuu alituita ofisini, akafunga mlango. Maneno yake nikiyakumbuka damu inanichemka. "Hapa hakuna kilichotokea. Tukitangaza, watu wataikimbia chanjo yenyewe. Kimya."

"Na yule dada wa dukani?" shangazi akauliza. "Anamuuguza mama yake mwenye homa hii, anamlisha kwa mkono, hata barakoa amevua, kwa sababu mimi nilimwambia yuko salama."

"Sista, kazi unaitaka au huitaki?"

Alitoka, akapanda juu ya benchi la uani, na umri ule, na magoti yale mabovu.

"Nisikilizeni, jamani. Niliwachoma vibaya. Nilitikisa dawa isiyotikiswa. Hamna kinga, hata mimi sina. Rudini mchomwe upya, na mliokuja nao waambieni."

Hakutaja hoteli. Hakumtaja mhasibu. Ningekuwa mimi, ningewataja mpaka na rangi ya mikoba yao.

Walirudi. Wengine walimtukana njiani, mmoja alitema mate karibu na miguu yake, lakini walirudi. Dada wa dukani alikuja wa kwanza, ila alikuwa ameshaanza kukohoa. Tulimpeleka wodini, akaugua mpaka tukakata tamaa, ndipo akapona.

Shangazi naye alikuja siku ya kwanza ya kuchomwa upya, lakini hakuja kazini. Mganga mkuu alikuwa amemsimamisha kwa uzembe. Uzembe! Mtu aliyemnyima mafunzo ndiye aliyemwita mzembe, tena kwa uso mkavu. Basi mama wa watu alikaa kwenye benchi kama mgonjwa yeyote, mkono wa gauni umekunjwa, akisubiri zamu. Nilimwandika jina bila kumtazama usoni, maana ningelia.

Kwenye kiti chake alikaa nesi wa kiume aliyeazimwa asubuhi hiyo kutoka zahanati ya jirani, koti limepigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kijana akachukua kichupa kipya, akakiinua hadi sikioni. Shangazi akamdaka mkono kabla haujacheza.

"Mwanangu, kwenye semina ulikwenda?"

"Semina gani, mama?"